Boti Juu ya Tope: Kisa cha Familia Iliyoingia Takwa Maji Yakipwa

Familia ya kisa hiki ni ya kupigiwa mfano, lakini kilichoipata kinaweza kumpata mgeni yeyote wa Lamu, na zaidi wale wanaokuja na watoto likizo ya Agosti. Ni watu saba kutoka Nakuru: baba na mama, nyanya wa miaka 71 anayetumia vidonge vya kisukari, mpwa wa miaka 19, na watoto watatu wa miaka 14, 9 na 4. Walikuwa na usiku nne mjini Lamu. Siku ya tatu boti yao ilikaa juu ya tope huko Takwa, penye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, wakakwama kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi karibu saa 8:00 mchana. Hakuna aliyezama wala aliyelazwa hospitali. Mtoto wa miaka 9 alikatwa mguu na chaza, nyanya alianza kutetemeka, na safari ya Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani Lamu, ikafa.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu hakuna chombo kilichoharibika. Injini ilikuwa nzima, nahodha alikuwa mzoefu, mbingu zilikuwa safi. Walichokuwa wakitaka kukiona siku ile kingeonekana chote, kwa boti ileile na kwa bei ileile, lau nusu mbili za siku zingebadilishana nafasi.

Ratiba ilikotoka

Ratiba walipewa na jamaa zao waliozuru Lamu Desemba iliyotangulia. Wale walitoka mjini saa 3:00 asubuhi, wakafika Takwa kabla ya saa 4:00, wakatembea kwenye magofu saa moja na nusu bila kusukumwa na mtu, kisha wakaenda kula samaki Shela na watoto wakaogelea hadi jioni. Waliikabidhi kwa simu kama ilivyo: asubuhi Takwa, mchana Shela. Familia yetu ilibadilisha jambo moja tu. Iliamua kutoka mapema zaidi, saa 1:20, ili kulikwepa jua.

Jamaa wale walikwenda tarehe 23 ya mwezi wa Kiislamu, yaani mwezi mwandamo. Familia yetu ilikwenda tarehe 16. Kwa mtu wa bara hizo ni tarehe mbili tu. Kwa mtu wa Lamu ni bahari mbili tofauti.

Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yaani karibu tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Karibu tarehe 8 hadi 10, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kinachomponyoka mgeni ni kwamba aina ya maji na saa zake hutembea pamoja. Bamvua la huku hujaa karibu saa 10:00 au 11:00, alfajiri na jioni, kwa hiyo hupwa katikati ya asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa kati ya saa 4:00 na saa 5:00 asubuhi hivi. Basi mtu akijua tarehe ya mwezi mwandamo, hata bila jedwali la maji, tayari ana picha ya siku yake. Jedwali la bandari ya Kilindini pia linafaa kwa kukadiria, kwani Lamu na Mombasa hupishana kwa dakika, hazipishani kwa saa nyingi.

Jamaa wa Desemba hawakuwa na ujuzi wowote wa ziada. Maji mafu yaliwabeba. Waliingia yakiwa yanajaa, na hata kama wangechelewa, yasingeshuka kiasi cha kuwatega.

Maji yalivyowafungia mlango

Takwa iko upande wa Manda unaotazama bahari kuu, ila boti za wageni haziendei upande huo. Huingilia ule mlango wa bahari ulio kati ya Lamu na Manda, kisha hupenya kwenye mkono mwembamba wenye mikoko pande zote mbili, unaokaribia kukikata kisiwa vipande viwili. Mkono huo ndio njia pekee ya boti ya kuingia na kutoka, na chini yake ni tope. Maji yakipwa kwa bamvua, hubaki kijito cha kuvukwa na ndege.

Siku ile maji yalijaa saa 11:10 alfajiri, yakapwa saa 5:20 asubuhi, yakajaa tena saa 11:30 jioni. Tuchukue tofauti ya mita 3. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukadiria kwa kuigawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Kwa mita 3 hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Yaani kwa saa mbili za katikati, maji hushuka nusu ya tofauti yote.

Familia iliingia mkononi saa 2:00 asubuhi, saa ya nne ikikaribia kuanza. Mahali penye kina kifupi kuliko pote palikuwa na sentimita 110. Boti, ikiwa na watu saba pamoja na nahodha na baharia wake, ilihitaji sentimita 50 ili isiguse chini. Sentimita 60 za ziada zinaonekana nyingi kwa macho. Mikoko ilikuwa bado imesimama ndani ya maji na mtoto wa miaka 14 alikuwa akipiga picha za mizizi. Kwa mwendo wa sentimita 75 kwa saa, sentimita 60 huisha kwa dakika 48. Mlango ulifungwa saa 2:48. Waliporudi botini saa 3:30, mahali pale palibaki maji ya kufunika kifundo cha mguu, na boti yenyewe ilikuwa imekaa kwa tumbo, imeinama ubavu.

Hapo kuna hesabu nyingine ndogo, nayo ndiyo ya kuwaambia watu mapema ili wasikae wakiuliza kila dakika. Boti ikishindwa kupita saa fulani kabla ya maji kupwa kabisa, itaweza kupita tena baada ya kupwa kwa muda uleule. Kutoka 2:48 hadi 5:20 ni saa mbili na dakika 32. Ongeza muda huo juu ya 5:20, unapata saa 7:52 mchana. Kusukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, kuwashusha abiria ili boti iwe nyepesi, kuivuta kwa kamba: hayo yote hufaa katika dakika kumi za kwanza tu, boti inapogusa chini kwa mara ya kwanza. Wakati kina kimeshuka chini ya nusu ya kile boti inachohitaji, ni kuchosha watu bure na kuumiza mbao.

Kwa sababu hiyohiyo, ingia penye kina kifupi maji yakijaa. Ukikwama wakati huo, unasubiri dakika na bahari yenyewe inakunyanyua. Ukikwama yakipwa, unasubiri saa.

“Nusu saa tu”

Nahodha aliyajua haya yote. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Lamu, na boti iliposhika ukingo alisema, “Nusu saa tu, halafu tutoke.” Alimwambia mpwa, aliyekuwa karibu naye akishika kamba. Mpwa akampelekea baba. Baba akasikia kauli ya mtu anayetaka kuwahi mteja mwingine, akajibu kwamba wamelipia siku nzima.

Hapa ndipo kisa kilipogeukia, na tunaona lawama ya nahodha ni ndogo kuliko inavyodhaniwa na ya mpangilio wenyewe ni kubwa zaidi. Safari haikuuzwa na nahodha. Iliuzwa jana yake jioni na dalali pale gatini, aliyepewa ratiba na baba na kuikubali yote kwa “hakuna shida”. Dalali hakuangalia maji, naye baba hakujua kwamba kuna cha kuangalia. Nahodha alipewa kazi asubuhi ikiwa tayari imefungwa: watu saba, Takwa, saa moja na dakika ishirini. Angeweza kukataa. Lakini kijana wa Lamu hamkatalii mzee wa watu mbele ya mama yake na wanawe kwa wepesi, na alikadiria kwamba nusu saa ingetosha kuwatimizia ahadi na kuwatoa salama. Kosa lake lilikuwa kutoa muda bila kutoa sababu. Maneno yaliyotakiwa ni haya, tena yaelekezwe kwa baba mwenyewe: “Baba, maji yanapwa. Ikifika saa tatu kasoro robo boti itakaa, na hatutoki hapa mpaka saa nane.” Mtu akisikia saa nane, hutembea haraka.

Kwa upande wa familia, swali lao lilikuwa “Tutaondoka saa ngapi?” Hilo ni swali la basi. Kwa Takwa uliza: “Maji yataturuhusu kutoka mpaka saa ngapi?” Uliza jana yake, umuulize atakayeshika usukani. Akitaja saa kamili, umempata nahodha anayejua kazi yake. Akisema wakati wowote tu, tafuta mwingine.

Na nusu saa isingetosha hata kama wangetaka kutii. Takwa si kituo cha kupigia picha moja na kuondoka. Ni mji wa Waswahili uliokaliwa tangu karibu mwaka 1500 hadi karibu 1700, ukahamwa, na kwa simulizi za huku watu wake wengi wakavukia Shela. Ukuta uliouzunguka bado unafuatika kwa macho. Msikiti wa Ijumaa umesimama, na juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo iliyopanda kwenda juu, jambo lisiloonekana kwenye misikiti mingi ya zamani ya pwani hii. Wengi hutaka kukaa pale. Nje ya ukuta kuna kaburi lenye mnara la karne ya 17, ambalo watu wa Shela hadi leo huvuka kuja kuomba dua, hasa ya mvua. Mzee wa Makumbusho ya Taifa anayelinda mahali hapo ana mengi ya kueleza, naye hafai kukatizwa. Kisha kuna mibuyu, na njia ya mchanga inayotoka upande wa pili hadi kwenye vilima vya mchanga na bahari kuu. Kwa mtoto wa miaka 4 na nyanya wa 71, weka dakika 75 hadi 90. Familia ilitumia 90. Haikuzembea; ndivyo mahali penyewe panavyotaka.

Saa nne na zaidi bila chakula

Chakula kilikuwa Shela. Ndani ya boti palikuwa na lita 3 za maji kwa watu tisa, pakiti mbili za viazi vya kukaanga, na chupa moja ya soda. Upungufu huo ndio ulioifanya safari ya kuchelewa iwe safari ya hatari.

Mtoto wa miaka 9 alishuka kujaribu kutembea. Tope la mikoko lilimmeza hadi magotini, akashika mzizi ili atoke, mguu ukakanyaga mzizi mwingine uliojaa chaza. Chaza wa mikoko hukata kama chupa iliyovunjika, na kidonda chake huoza upesi kwa sababu tope huingia ndani. Mama alifanya sawasawa: alikiosha kwa maji safi ya kutosha, akatoa vipande vya gamba vilivyoonekana, akakandamiza kwa kitambaa hadi damu ikakatika, akakifunga kwa leso. Jioni kilioshwa tena kwa sabuni, na mtoto akapelekwa Hospitali ya King Fahd, mjini Lamu, kuangaliwa kama chanjo ya pepopunda iko sawa. Kidonda cha namna hiyo huangaliwa kwa siku mbili tatu; kikivimba, kikipata joto au wekundu ukianza kupanda, ni kurudi kwa daktari siku hiyohiyo. Lakini kuosha mguu kulikula lita 1 ya maji ya kunywa, zikabaki 2.

Nyanya ndiye aliyekuwa karibu na hatari halisi. Alimeza kidonge saa 12:30 asubuhi na kula hamri moja na mbaazi kidogo, kwa kuwa hakutaka kujaza tumbo kabla ya kupanda boti. Baadhi ya vidonge vya kisukari hushusha sukari iwe mtu amekula au hajala. Kufikia saa 7:00 mchana alikuwa akitokwa jasho jembamba, mikono ikitetemeka, akijibu maswali kwa kuchelewa. Kilichomwokoa ni ile soda na chai ya nahodha iliyokuwa ndani ya thamosi, ikiwa na sukari kama watu wa pwani wanavyoipenda. Kipimo ni gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vidogo vilivyokorogwa, au mililita 150 za soda ya kawaida isiyo ya wagonjwa wa kisukari. Subiri dakika 15, na dalili zikiwapo bado, rudia. Akitulia apewe kitu cha wanga, mkate au ndizi, la sivyo sukari itashuka tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni kamwe.

Jambo moja nahodha alilifanya vizuri na linafaa kuigwa. Hakuwaacha wakae botini. Boti haikuwa na turubai, na kwenye nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta jua la saa 6:00 huchoma hata kama upepo wa kusi, utokao kusini, unaufanya mwili uhisi baridi. Aliwarudisha wote magofuni kwenye kivuli, akabaki yeye na baharia wake na boti, wakiiegemeza kwa pondo ili maji yatakaporudi isilale na kujaa.

Walitoka saa 8:05. Kwa miguu ya tope na nyanya amechoka, hakuna aliyetaka Shela tena.

Siku ileile ikigeuzwa

Tarehe 16, bamvua, maji kupwa 5:20 asubuhi na kujaa 11:30 jioni. Hivi ndivyo ingekwenda.

Toka mjini saa 1:30 asubuhi kwa miguu au kwa boti hadi Shela. Kwa miguu ni kilomita 3 hivi kando ya bahari, dakika 45 kwa watu wazima, zaidi kidogo ukiwa na mtoto. Nyanya na wa miaka 4 wapande boti. Asubuhi ya bamvua ufuo wa Shela huwa mpana kweli, mchanga mgumu wa kukimbilia, na kusi bado haijapata nguvu. Mchana huohuo kusi huinua mchanga ukawachapa watoto usoni, kwa hiyo hata bila Takwa asubuhi ndiyo saa yake. Kuogelea kuna sharti lake: wakati maji yanapwa kwa bamvua, mkondo wa mlango kati ya Shela na Manda hukimbia kuelekea nje, nao ni mkali. Watoto wasiogelee kwenye ile pembe ya mlangoni. Waogelee wakati maji yametulia karibu na saa 5:00, wasipite kiunoni, na mtu mzima asimame upande wa bahari kuu, asikae mchangani na simu.

Chakula saa 6:00 Shela, nyanya anywe dawa yake na kula kwa wakati. Baadaye wapumzike, au wautazame Msikiti wa Ijumaa wa Shela wa mwaka 1829 kwa nje, na mnara wake uliochongoka. Saa 8:30 wapande boti. Waingie mkono wa Takwa karibu saa 9:00, maji yakijaa, kina kikiongezeka kwa kila dakika wanayochelewa. Watembee saa moja na nusu kwenye mwanga mzuri na jua lililopoa. Watoke saa 10:30, bado ikiwa saa nzima kabla ya maji kujaa kabisa, na wawe gatini Lamu kabla ya saa 11:30. Agosti jua huzama baada ya saa 12:00 jioni kidogo, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Wasikubali kurudi mjini kwa miguu kutoka Shela jioni hiyo, kwani bamvua likijaa hufunika sehemu za njia ya pwani.

Kwa anayepanga upya safari yote: ikiwa tarehe zako bado hazijafungwa na unataka Takwa asubuhi, chagua usiku zitakazogusa tarehe 22 hadi 24 au 8 hadi 10 za mwezi mwandamo.

Siku zilizobaki

Siku ya pili, ya mjini, tutaipitia upesi. Waliweka Ngome, Makumbusho ya Lamu, Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya posta ya Wajerumani, hospitali ya punda na Msikiti wa Riyadha katika asubuhi moja. Mtoto mdogo aliishiwa nguvu kwenye kituo cha pili. Viwili kwa asubuhi vinatosha. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821 na iliyokuwa gereza hadi 1984, huwafurahisha watoto kwa sababu wanapanda juu na kuona paa za mji wote. Ngazi zake zinahitaji mtoto ashikwe mkono. Hospitali ya punda wanaipenda zaidi kuliko makumbusho yoyote. Kama ni Ijumaa, jueni kwamba adhuhuri Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hufunga maduka.

Siku ya nne walikuwa wamepanga Manda Toto, kwenda kutazama samaki kwa miwani ya kupigia mbizi. Nahodha mwingine aliwakatalia wazi, na safari hii baba alisikiliza. Agosti ni kusi. Kwenda kaskazini ya Manda tanga hujaa na kila mtu hufurahi; kurudi ni bisho, jahazi likikata huku na huku dhidi ya upepo, na watoto wakitapika kwa saa kadhaa. Juu ya hayo maji huvurugika na samaki hawaonekani vizuri. Safari hiyo ni ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi.

Badala yake walikwenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, penye kinga ya upepo. Kwa familia yenye watoto ndiyo siku tungependekeza kuliko zote za Agosti. Mafundi huunda na kutengeneza majahazi pale ufuoni, na hakuna kioo kati ya mtoto na kazi. Simameni kwenye chombo kinachotiwa kalafati: fundi anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaiweka kwenye mshono wa mbao mbili, kisha anaipiga kwa patasi butu na nyundo ya mti, hatua kwa hatua, mpaka mlio unabadilika kutoka mtupu kuwa mzito. Mlio ndio unaomwambia mshono umeshiba. Chombo kilichopinduliwa ubavu huenda kinapakwa deheni chini, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili minyoo ya mbao isikile. Mtoto wa miaka 14, aliyekuwa amenuna tangu Takwa, alikaa pale hadi fundi alipomkabidhi nyundo. Matondoni pia ina kina kifupi maji yakipwa, basi swali lilelile la maji lilikwenda kwa nahodha kwanza.

Kabla ya kulipa

Bei ipatanwe kwa boti nzima, isiwe kwa kichwa, na itajwe ni saa ngapi, ni vituo gani, kama chakula kimo, na nani analipia kiingilio cha Takwa. Toa sehemu ya fedha kwanza, iliyobaki mkirudi gatini. Beba maji lita 2 kwa kila mtu kwa nusu siku, ukimhesabu na nahodha. Kwa watu tisa ni karibu jerikeni ya lita 20. Chakula cha mchana kikiwa mahali pengine, beba kingine cha dharura: mkate, ndizi, sukari robo kilo, chumvi. Viatu vya maji vyenye soli kwa kila mtoto. Sabuni, bendeji, leso tatu.

Laifu jaketi za watoto zikaguliwe siku ya kupatana bei, kwani nyingi zilizomo botini ni za watu wazima. Mvalishe mtoto, zifunge kamba zote, kisha umnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini atachomoka. Ya mtoto wa miaka 4 lazima iwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Kama boti haina, dalali atafute nyingine kwa jirani. Huwa zinapatikana mtu akizitaka jioni, na ni vigumu kuzipata saa 1:20 asubuhi watu wakiwa wamesimama gatini.

Kuhusu kuondoka: basi za Mombasa hutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, mapema, na kuvuka kwa boti kutoka mjini huchukua karibu nusu saa. Tarehe 18 maji hujaa karibu saa 12:50 asubuhi, kwa hiyo anayepanda boti saa 12:00 hushuka vidato vichache tu. Kama saa ya kuondoka ingeangukia maji yamepwa, vidato vya chini vya gati huwa vimefunikwa na utelezi wa kijani. Hapo nyanya ashuke akitazama ngazi, mgongo ukielekea bahari, mtu mmoja botini na mmoja juu yake, na mizigo ifuate nyuma.